RAMADHAN YA KWANZA UGENINI: Wanubi wa Wadi Halfa na Bwawa Kuu la Aswan



Ndugu msomaji, jioni ya leo ukikaa mkekani kungoja adhana ya Maghribi, tende iko mkononi, hebu fikiria jambo moja. Ungefanya nini ukiambiwa kwamba Ramadhan ijayo hutafuturu tena katika mtaa huu? Na si wewe peke yako. Jirani yako, imamu wako, mwenye duka la pale kona na kila mtu uliyemjua tangu utoto, wote mnahamishwa. Na msikiti, madrasa na makaburi ya babu zenu yatakuwa chini ya maji, wala hakuna atakayeweza kurudi hata kuzuru.

Haya si mambo ya kubuni. Yaliwapata Waislamu wenzetu wa bonde la mto Nile, kaskazini mwa Sudan na kusini mwa Misri. Treni ya kwanza ya kuwahamisha watu wa upande wa Sudan iliondoka tarehe 6 Januari 1964. Ukitazama kalenda utaona kuwa Ramadhan ya mwaka 1383 Hijria ilianza katikati ya mwezi huo huo wa Januari. Yaani walifika ugenini, hawajatimiza hata wiki mbili, mwezi ukaandama.

Wengi wetu tumesoma shuleni kuhusu Bwawa Kuu la Aswan. Tumefundishwa kwamba ni kazi kubwa ya uhandisi, na ni kweli. Lakini habari za hawa waliolilipia kwa nyumba zao hatukuzisoma. Basi makala hii ni kwa ajili yao.

WANUBI NI AKINA NANI?

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Ukisema "Mnubi" hapa Kenya, mtu anafikiria ndugu zetu wa Kibera. Hao asili yao ni askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, wengi wao kutoka kusini mwa Sudan na milima ya Nuba, na Kinubi chao kimezaliwa kutokana na Kiarabu. Wanubi wa mto Nile ni watu wengine. Wao wana lugha zao za kale ambazo si Kiarabu kabisa, na wameishi kandokando ya mto huo, kuanzia Aswan kushuka hadi Dongola, kwa maelfu ya miaka. Walikuwa na falme zao wenyewe. Uislamu uliwaingia kidogo kidogo kwa biashara na kwa ndoa, na katika mji wa Dongola ya Kale kuna jengo la kifalme lililogeuzwa kuwa msikiti mwaka 1317.

Nchi yao ilikuwa nyembamba. Upande huu mto, upande ule jangwa, na katikati ukanda mdogo wa ardhi nyeusi. Mvua ilikuwa karibu haijulikani. Maisha yote yalitegemea mafuriko ya kila mwaka, yaliyoleta tope lenye rutuba, na yalitegemea mitende. Mtende mmoja kwao haukuwa mti tu. Ulikuwa mali ya kurithishana, chakula, kuni, kamba na paa la nyumba. Nyumba zao zilikuwa za udongo, pana, zenye ua mkubwa na kuta zilizopambwa kwa rangi. Nafasi haikuwa shida.

MAJI YALIANZA ZAMANI

Watu hufikiri msiba wa Wanubi ulianza wakati wa Rais Gamal Abdel Nasser. La. Ulianza wakati wa Waingereza. Bwawa la kwanza la Aswan lilijengwa kuanzia mwaka 1898 na likakamilika mwaka 1902. Lilipoonekana ni dogo, likaongezwa kimo, kazi hiyo ikaisha mwaka 1912. Halafu likaongezwa tena, hadi mwaka 1933.

Kila likiongezwa, maji yalirudi nyuma na kupanda. Mashamba na mitende ya Wanubi wa Misri yakazama. Wao walihamisha nyumba zao juu zaidi, kwenye mawe, wakaanza upya. Lakini mawe hayalimiki. Wanaume wengi wakaondoka kwenda Cairo na Alexandria kutafuta kazi za upishi, ubawabu na utumishi wa majumbani, huku wanawake, wazee na watoto wakibaki vijijini. Mara tatu katika kipindi cha miaka 31, kizazi kimoja kilishuhudia mto ukipanda hadi mlangoni.

KWA NINI BWAWA KUU?

Tuwe waadilifu. Misri ilikuwa na sababu. Nchi ile bila Nile ni jangwa tupu, na mto wenyewe ulikuwa na tabia mbili mbaya: mwaka huu mafuriko ya kuangamiza, mwaka ule ukame wa kuua. Watu walikuwa wakiongezeka haraka. Serikali ya Nasser ilitaka bwawa ambalo lingehifadhi maji ya miaka kadhaa, si ya msimu mmoja tu.

Marekani na Uingereza ziliahidi kusaidia kwa fedha, kisha mwezi Julai 1956 zikajiondoa. Nasser akajibu tarehe 26 Julai kwa kuutaifisha Mfereji wa Suez, na kabla ya mwaka kuisha Misri ilikuwa imevamiwa na Israel, Uingereza na Ufaransa. Baadaye Urusi ya Kisovieti ikatoa mkopo na mafundi. Ujenzi ulianza Januari 1960, ukamalizika mwaka 1970, na sherehe ya ufunguzi ikafanywa Januari 1971. Nasser mwenyewe hakuiona, kwani alifariki Septemba 1970.

Bwawa likawa fahari ya nchi changa iliyosimama mbele ya wakubwa wa dunia. Waarabu na Waafrika wengi walishangilia, na mtu angelaumu vipi? Lakini ziwa lake lilihitaji mahali pa kukaa. Urefu wake ni karibu kilomita 500, na sehemu yake ya kusini inaingia ndani ya Sudan. Wamisri wanaliita Ziwa Nasser, Wasudani wanaliita Ziwa Nubia. Chini ya jina hilo la pili ndiko nchi yenyewe iliko.

WADI HALFA YAKATAA

Tarehe 8 Novemba 1959, Misri na Sudan zilitia saini mkataba wa kugawana maji. Sudan wakati huo ilikuwa chini ya jenerali Ibrahim Abboud, aliyechukua serikali kwa mapinduzi mwaka mmoja kabla. Katika mkataba huo Sudan ilikubali mji wa Wadi Halfa na vijiji vyake vizame, na ikapewa fidia ya pauni milioni 15 za Misri. Fedha hizo hazikutosha kazi iliyokuwa mbele.

Watu wa Halfa walikuwa wanajua kwamba maji yatakuja. Walichotaka ni kusikizwa kuhusu watakapokwenda. Sehemu kadhaa zilitajwa, na wengi wao walipenda mahali karibu na mto Nile ule ule, ambako wangeendelea na maisha wanayoyajua. Serikali ikachagua Khashm el-Girba, mashariki, karibu na mpaka wa Ethiopia, kando ya mto Atbara. Kwa reli ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja.

Oktoba 1960, mawaziri walipofika Wadi Halfa na habari hiyo, mji ulilipuka. Watu waliingia barabarani, wakawazingira wageni wao. Maandamano yakafika hadi Khartoum, ambako Wanubi na wanafunzi waliungana nao. Ilikuwa miongoni mwa mara za mwanzo ambapo wananchi walitoka hadharani kuipinga serikali ile ya kijeshi. Polisi walitawanya watu, wengine wakatiwa ndani. Uamuzi haukubadilika.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, vijana wenzangu. Hawa watu hawakukataa maendeleo. Hawakusema Misri isipate maji. Walisema tu: kama lazima tuhame, basi tuulizwe. Na hilo ndilo walilonyimwa.

TRENI ZA JANUARI

Mkuu wa wilaya ya Wadi Halfa wakati huo alikuwa Hassan Dafalla. Ndiye aliyepewa kazi ya kuwahamisha, na baadaye aliandika kitabu kirefu kuhusu alivyoshuhudia, kilichotoka mwaka 1975. Ni jambo la ajabu kwamba kumbukumbu iliyo bora zaidi ya watu hawa iliandikwa na ofisa wa serikali iliyowaondoa. Lakini yeye aliishi nao, akahesabu nyumba zao na mitende yao mmoja mmoja, na hakuficha uchungu wake.

Wa kwanza kuondoka walikuwa watu wa kijiji cha Faras, mpakani mwa Misri. Kabla ya kuondoka watu walikwenda makaburini kuwaaga wafu wao. Mtu akihama kwa kawaida husema, "Inshallah nitarudi kuzuru." Hawa hawakuweza kusema hivyo. Kisha wakapanda treni, wazee, wajawazito, watoto, vyombo vya nyumbani, na safari ikaanza kuvuka jangwa.

Kijiji baada ya kijiji, miezi ikapita, bonde likabaki tupu. Kwa jumla waliohamishwa upande wa Sudan walikuwa takriban 50,000. Upande wa Misri, ambako kazi ilianza Oktoba 1963 na kuisha katikati ya 1964, walikuwa takriban 50,000 vilevile. Hao walipelekwa Kom Ombo, kaskazini ya mji wa Aswan.

MAISHA MAPYA

Walikuta nini huko? Khashm el-Girba walijengewa vijiji vilivyopangwa kwa mistari na kupewa namba badala ya majina. Kila mkulima alipewa shamba la fedani 15, na fedani moja ni zaidi kidogo ya ekari moja. Pamba, ngano na karanga vilipandwa kwa ratiba ya serikali. Kulikuwa na shule na hospitali, hilo lisikataliwe. Lakini mtu aliyezaliwa mahali pasipo na mvua sasa alikuwa analala chini ya paa linalopigwa na radi na mvua kubwa, na mbu, na malaria. Mto wa kuchungulia asubuhi haukuwepo. Kulikuwa na mfereji.

Na kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Washukriya, wafugaji wa Kiarabu wenye ngamia na kondoo. Nao waliona mashamba yakichimbwa katikati ya njia zao bila ya wao kuulizwa. Mifugo ikaingia mashambani, ugomvi ukaanza baina ya watu wawili ambao hakuna kati yao aliyechagua kukutana na mwenzake. Hebu fikiria: bwawa limejengwa Misri, na mfugaji aliye karibu na mpaka wa Ethiopia anapoteza malisho yake!

Hata maji ya mashamba hayo yalitoka kwenye bwawa jingine, lililojengwa Khashm el-Girba kwa ajili yao. Mto Atbara una tope jingi sana. Katika miongo michache tu bwawa lile lilikuwa limejaa mchanga na kupoteza karibu nusu ya nafasi yake, na mashamba yakaanza kukosa maji.

Kom Ombo nako mambo yalikuwa magumu. Nyumba zilikuwa za mawe na saruji, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na nyingine hazikuwa zimemalizika watu walipofika. Waliozoea ua mpana sasa walisikia kila neno la jirani. Miezi ya mwanzo maradhi yalienea, na vifo vya watoto wachanga na wazee vikawa vingi.

Wapo waliokataa kabisa kuondoka Wadi Halfa. Walijenga vibanda kandokando ya ziwa. Maji yakipanda, wanahama hatua chache. Yakipanda tena, wanahama tena. Waliendelea hivyo hadi ziwa lilipotulia, na mji wa Wadi Halfa uliopo leo umetokana na ukaidi wao.

MAWE YALIOKOLEWA

Wakati huo huo dunia nzima ilikuwa inaitazama Nubia, lakini si kwa ajili ya Wanubi. Mwezi Machi 1960 shirika la UNESCO lilitoa mwito wa kuokoa mahekalu ya kale ya mafirauni. Nchi kama 50 zilichanga. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande zaidi ya elfu moja, vikapandishwa mahali pa juu na kuunganishwa tena, kazi iliyochukua miaka minne, 1964 hadi 1968, na kugharimu takriban dola milioni 40 za Marekani.

Sisemi ilikuwa vibaya kuokoa historia. Lakini linganisha. Sanamu la firauni lilipimwa kila jiwe, likapewa namba, likarudishwa lilivyokuwa, likitazama jua lile lile. Mtu aliye hai alipewa tikiti ya treni. Kijiji chake ndicho kilichopewa namba.

HESABU YA FAIDA NA HASARA

Je, bwawa lenyewe lilifanya kazi? Ndiyo. Mitambo yake 12 ina uwezo wa kutoa megawati 2,100, na vijiji vingi vya Misri viliona stima kwa mara ya kwanza. Mashamba yaliyokuwa yakivunwa mara moja kwa mwaka yakavunwa mara mbili au zaidi. Katika miaka ya 1980, wakati ukame ulipoua watu wengi Ethiopia na Sudan, Misri iliendelea kunywa kutoka ziwani. Mwaka 1988 mafuriko makubwa yaliikumba Khartoum, lakini Misri haikuguswa.

Lakini mto nao una hesabu zake. Zamani Nile ulibeba zaidi ya tani milioni 100 za tope kila mwaka. Sasa karibu lote linatuama nyuma ya bwawa. Mkulima wa Misri, ambaye tangu zama za firauni alipata mbolea bure, akalazimika kununua mbolea ya viwandani, na stima nyingi ikatumika kuitengeneza. Pwani ya Rashid na Dumyat, iliyokuwa ikijengwa na tope hilo, ikaanza kuliwa na bahari. Wavuvi wa dagaa wa bahari ya Mediterania waliokuwa wakipata kama tani 18,000 mwaka 1962, walipata chini ya tani 1,000 ilipofika mwisho wa muongo huo, kwa sababu chakula cha samaki kilichokuja na mafuriko kilikatika. Ilichukua miaka mingi uvuvi huo kupata nafuu.

Mashamba yanayomwagiliwa mwaka mzima bila kupumzika yakaanza kutoa chumvi. Mifereji isiyokauka ikawa makao ya konokono wanaoeneza kichocho. Na jua la jangwani hunywa kiasi cha mita bilioni 10 za ujazo za maji ya ziwa kila mwaka.

LINATUHUSU NINI SISI?

Mtu anaweza kusema, hayo ni ya Misri na Sudan. Hapana. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua zilizosema kwamba pasifanyike ujenzi wowote utakaopunguza maji ya Nile katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza bila Misri kukubali. Kenya ilikuwa koloni wakati huo. Nzoia, Yala, Sondu na Mara yote humwaga maji yake Ziwa Victoria, na Ziwa Victoria linautoa Nile. Halafu ule mkataba wa 1959 ukayagawa maji yote: kati ya mita bilioni 84 za ujazo kwa mwaka, Misri ilipata bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zikahesabiwa kuwa ni za jua. Jumlisha mwenyewe. Hakikubaki kitu cha watu wa juu. Kwa hivyo ugonjwa wa kutoulizwa tumeuonja hata sisi. Leo Misri nayo inalalamika kwamba Ethiopia ilijenga bwawa lake kubwa, lililofunguliwa Septemba 2025, bila ya wao kuafikiana.

Na hapa nyumbani tuna mto Tana. Mabwawa yake tunayajua kwa majina: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Stima iliyowasha taa za Nairobi na Mombasa kwa miaka mingi ilitoka huko. Lakini kule chini, Wapokomo walikuwa wakilima kwa kufuata mafuriko, wakipanda mpunga na ndizi pale maji yanapoacha tope, na Waorma walikuwa wakishuka na ng'ombe wao kwenye delta wakati wa kiangazi. Mto uliofungwa haufuriki kama zamani. Kisha ikija mvua kubwa mno mabwawa yanajaa, maji yanamwagika kwa ghafla, na watu wa Garissa na Tana River wanakimbia na watoto mgongoni, kama ilivyotokea mwaka 2018 na tena 2024. Wengi wa hao ni Waislamu wenzetu, na mara nyingi tunakumbuka tu kuwachangia mablanketi.

Siandiki haya ili kijana akichukie kila bwawa. Watu wanahitaji maji na stima. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba maji ni kitu cha kushirikiana, na kushirikiana maana yake ni pamoja na kushauriana. Mradi ukiletwa, iwe ni bwawa, barabara au bandari, tuulize mapema: nani anahama? Ameulizwa? Anakokwenda kuna nini, na huko nako kuna nani? Maswali haya yaulizwe kabla ya tingatinga kufika, si baada ya treni kuondoka.

Wanubi bado wanauliza. Katiba ya Misri ya mwaka 2014, kifungu cha 236, iliahidi kuwarudisha kwenye maeneo yao ya asili kandokando ya ziwa katika miaka kumi. Miaka kumi imeshapita, na ahadi haijatimizwa. Nchini Sudan, bwawa la Merowe lililofunguliwa mwaka 2009 liliondoa makumi ya maelfu ya watu wengine katika bonde lile lile. Vijana waliozaliwa Kom Ombo na Khashm el-Girba, ambao hawakuwahi kuiona Nubia, wanajifunza majina ya vijiji vilivyozama kutoka kwa nyanya zao.

Na hilo tunaweza kulifanya hata sisi. Usiku huu baada ya tarawehe, kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuhamishwa mahali, na wako wengi kuliko tunavyodhani, kaa karibu naye. Muulize palikuwaje. Muulize nani alikuwa jirani yake, msikiti ulikuwa wapi, na wafu wao wamelala wapi. Kisha uandike.

Ramadhan Kareem.